Gari Kongwe Lipimwe kwa Uzima Wake

Sheria ya barabarani ni amana. Dola huitunga ili raia aliyetoka kwake asubuhi arejee jioni akiwa salama. Lakini sheria hiyo inapokutana na gari lililoundwa miaka hamsini iliyopita huingia katika mtihani: ilihukumu kwa uzee wake, au ilisamehe kwa uzee huo huo? Sisi tunaamini kwamba njia zote mbili zina kasoro, na mifano ya nchi nyingine inatosha kutufunza.

Uingereza imechagua kusamehe. Ukaguzi wa lazima ulipoanza huko mwaka 1960, uliyalenga magari yaliyotimiza miaka 10. Yaani uzee ndio uliokuwa sababu ya kukaguliwa. Leo mambo yamegeuka. Tangu tarehe 20 Mei, 2018, gari lililofikia miaka 40, na ambalo halikubadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 iliyopita, halilazimiki tena kupelekwa kwa mkaguzi kila mwaka. Hoja iliyotolewa ni kwamba magari ya namna hiyo hutunzwa vizuri na hutembea mara chache. Hata hivyo, dhima haikuondolewa. Mwenye gari akikamatwa akiendesha chombo cha hatari anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500. Wala mabasi yanayobeba abiria kwa biashara hayakupewa msamaha huo.

Jimbo la California, Marekani, limechora mstari. Magari ya petroli ya mwaka 1975 na ya kabla yake hayapimwi moshi, lakini la mwaka 1976 hupimwa. Zamani gari lilisamehewa lilipofika miaka 30. Sheria ya mwaka 2004 ikaikomesha kanuni hiyo. Mwaka 2025 uliletwa muswada wa kuwapunguzia mzigo wenye magari ya miaka 35 na zaidi, ukaungwa mkono na mchekeshaji mashuhuri Jay Leno, nao ukakwama katika kamati ya Bunge la jimbo. Ni vigumu kumweleza mwananchi kwa nini mwaka mmoja tu uamue nani apimwe na nani asipimwe, hali gari la huyu na la yule huenda yanatoa moshi ule ule.

Ujerumani, kwa maoni yetu, imekaribia zaidi insafu. Tangu mwaka 1997, gari lililotimiza miaka 30 linaweza kupewa namba yenye herufi H, na mwenyewe hulipa kodi maalumu isiyofika euro 200 kwa mwaka. Lakini kwanza mtaalamu huhakikisha kuwa gari limehifadhiwa katika asili yake, na baada ya hapo hukaguliwa kila miaka miwili kama magari mengine. Heshima limepewa, na wajibu limebaki nao.

Sisi wa visiwani jambo hili linatugusa. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi haichagui gari la tajiri wala la maskini. Hula chuma kimya kimya chini ya rangi inayong'aa. Tena, gari kongwe kwetu si pambo la siku ya sikukuu. Magari ya mbao, yale tuliyoyaita chai maharage, yamebeba watu, ndizi na mihogo kutoka shamba hadi mjini kwa miaka mingi, na mafundi wetu wameyahuisha mara kwa mara kwa vipuri vya kuungaunga. Ufundi huo ni hazina, kwani jungu kuu halikosi ukoko. Lakini roho za abiria waliokaa katika mabenchi yale ni hazina kubwa zaidi.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wazingatie mambo matatu. Kwanza, mkaguzi atazame breki, usukani, taa, matairi na fremu iliyo chini ya bodi, asitosheke na kusoma mwaka katika kadi ya gari. Pili, gari lisidaiwe kifaa ambacho halikuundwa nacho, mradi halibebi abiria kwa malipo. Tatu, chombo cha biashara kisipewe msamaha wowote kwa sababu ya umri, bali kikaguliwe mara nyingi zaidi.

Nao wenye magari wasiukimbie ukaguzi, wala wasitafute cheti kwa njia ya mlango wa nyuma. Anayenunua cheti hakununua breki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika barabara, mara nyingi ukuta huo hujengwa kwa gharama ya mtu asiyekuwa na hatia. Tulitunze gari kongwe kwa kulikagua.