Mlio wa Gari Usiupuuze, wala Usiutibu kwa Kukisia



Atokaye Same mjini kwenda Mbaga, Chome au Suji huiacha lami na kuanza kupanda. Njia za Milima ya Upare hazina huruma kwa chombo: mawe, makorongo, kona kali, na utelezi wakati wa masika. Kilele cha Shengena hufikia mita 2,462. Ndiyo maana familia na misikiti mingi hutegemea magari ya foo-wili, hasa Land Rover na Land Cruiser za zamani. Gari la namna hii si pambo. Ndilo limfikishalo mama mjamzito hospitali usiku, na ndilo lichukualo jeneza kulirejesha kijijini.

Likianza kutoa mlio wa ajabu kutoka uvunguni, watu hugawanyika makundi mawili: wako wanaoongeza sauti ya redio, na wako wanaokimbilia kununua vipuri. Familia moja jirani yetu iliambiwa gereji kwamba giaboksi imekufa, wakaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza. Fundi mwingine aliingia uvunguni, akaishika propela shafti na kuitikisa. Krosi moja, yaani kile kiungo chenye umbo la msalaba, ilikuwa imelika kwa kukosa grisi. Ilibadilishwa hiyo peke yake, mlio ukaisha, mbuzi wakabaki zizini.

Basi kabla fundi hajashika spana, mwenye gari na awe na majibu ya maswali matatu.

La kwanza: mlio unafuata nini? Simamisha gari, weka gia huru, kanyaga mafuta kidogo. Ukisikika hapo, anza kutazama injini, klachi au giaboksi. Usiposikika ila gari litembeapo, tena ukapanda na kushuka kwa kufuata mwendo hata ubadilipo gia, basi tazama propela shafti, difu na beringi za magurudumu.

La pili: unasikika wakati gani? Kishindo kimoja unapoondoka, au unapoachia mafuta na kuyakanyaga tena, mara nyingi ni krosi au meno ya difu yaliyolegea. Mvumo unaobadilika kati ya kukanyaga na kuachia huelekeza kwenye difu. Mngurumo unaozidi ukikata kona upande mmoja na kupungua ukikata mwingine ni dalili ya beringi. Mlio wa kukatika-katika usukani ukiwa umekatwa sana hutoka katika viungo vya ekseli za mbele.

La tatu: je, foo-wili imeingizwa? Magari mengi hayana difu ya kati. Kwenye kona, magurudumu ya mbele husafiri masafa tofauti na ya nyuma. Barabara ya udongo huruhusu tairi kuteleza kidogo, lami hairuhusu. Usukani huwa mzito, tairi hulia, kisha husikika kishindo. Anayeshuka mlimani akasahau kuitoa afikapo lami ya Same hudhani gari limevunjika. Land Rover Defender huvuta kwa magurudumu yote wakati wote na inayo difu ya kati. Hiyo isifungwe loki kwenye lami.

Kisha ikaguliwe oili ya difu. Unga laini wa chuma kwenye kizibo ni jambo la kawaida, lakini vipande vya chuma ni hatari. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Jambo hilo hutokea baada ya kuvuka mito.

Tahadhari wakati wa ukaguzi: katika Land Rover nyingi za zamani breki ya mkono hushika propela shafti, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari laweza kuondoka ingawa breki imevutwa. Kingeni magurudumu kwa mawe makubwa, na watoto wakae mbali.

Ama jambo zito zaidi ni hili. Katika miteremko yetu, dereva hulizuia gari kwa gia ndogo, na nguvu hiyo hupita katika propela shafti. Krosi ikikatika mteremkoni, gari lisilo katika foo-wili hupoteza kizuizi hicho chote na kuachiwa breki za miguu pekee, nazo zikichemka hufifia. Kwa hiyo kishindo kisichojulikana chanzo chake kiwe sababu ya kuahirisha safari, hata kama abiria wamekwisha kupanda.

Kamati na familia ziweke daftari la grisi na oili: tarehe, kilomita, na jina la aliyefanya kazi. Gari la pamoja ni amana, na abiria wake ni amana kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.