Rangi ya majivu ndani ya nyumba



Siku hizi katika nyumba nyingi za Goma tunakuta ukuta wa saloni umepakwa rangi ya majivu. Inapendeza, hatukatai. Haionyeshi haraka moshi wala vidole vya watoto, na mito ya kitenge inang'aa mbele yake. Lakini wengi wetu tunainunua kwa pesa ya likelemba, na zamu hairudi upesi. Basi tuitazame vizuri kabla ya kufungua ndoo.

Hapa kwetu nje kuna weusi wa kutosha: barabara, uzio, hata msingi wa nyumba, vyote ni mawe ya volkano. Nyumba ya mbao yenye dirisha moja ukiipaka majivu kuta zote nne, saa kumi jioni utatafuta taa ili uchague mchele. Rangi hii inakunywa mwanga. Tena ile inayoelekea bluu inafanya chumba kionekane cha baridi, na sisi tunaishi karibu mita 1,500 juu ya bahari, baridi tunayo. Inayoelekea kahawia inatufaa zaidi. Kwa maoni yetu ukuta mmoja unatosha, ule wa nyuma ya viti. Dari ibaki nyeupe, na ukuta unaotazamana na dirisha pia, maana ndio unaorudisha mwanga.

Pakeni kwanza kipande cha ubao, mara mbili, kikauke kabisa. Kiegemezeni ukutani, mkitazame asubuhi, mchana, na usiku kwa taa yenu wenyewe. Fundi akichanganya, atie nyeusi ndani ya nyeupe, kidogo kidogo. Na achanganye ya ukuta mzima mara moja, kwa sababu ya pili haitafanana kamwe na ya kwanza.

Sasa jambo linalotusumbua kuliko uzuri. Rangi nyingi za mafuta za zamani, na hata nyingine mpya, zina risasi ndani yake. Ukikwangua ukuta mkavu, vumbi lake linaingia kwa mtoto anayetambaa na kuharibu akili yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Basi ukuta ulowanishwe kwanza. Watoto na mama wenye mimba wakae kwa jirani mpaka kazi iishe, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe.

Na tafadhali, msikaushe rangi kwa mbabula huku milango imefungwa. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Fungueni madirisha, hata mvua ikichelewesha kazi siku mbili.

Juma lijalo tutaongea juu ya rido: zipi zinazopatana na ukuta huo, na namna ya kuzishona wenyewe.