TOBA YA MUME ISIMTUPE MKE

Mtu mwenye wake watatu, aliowaoa kwa mahari na kwa ridhaa ya wazee, anapoingia dini inayokubali mke mmoja tu, watu huuliza habari ya roho yake. Sisi tunauliza pia: hao wawili watakaoachwa watakwenda wapi?

Suala hili si la kubuni. Katika karne ya 19 wamisionari wa Kiingereza walilikuta Natal, Afrika Kusini, miongoni mwa Wazulu. Desturi yao ilikuwa kumtaka mume awaache wake zake ila mmoja, ndipo abatizwe. Askofu wa kwanza wa Kianglikana huko, John William Colenso, alilipinga jambo hilo. Hakuisifu mitala, bali aliona ni dhulma kumfukuza mke asiye na kosa na kuwatenga watoto na wazazi wao.

Rai yake haikufuatwa. Mwaka 1888 Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Kianglikana uliamua kwamba mwenye wake wengi asibatizwe, bali afundishwe na kungoja. Wake zake waliweza kubatizwa katika baadhi ya hali. Ilipita miaka 100. Ndipo mkutano kama huo wa mwaka 1988 ulipokubali mtu huyo abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, iwapo jumuiya ya waumini wa mahali pake imeridhia, naye aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake hao yu hai. Aidha, asilazimishwe kumwacha yeyote, kwa sababu ya dhiki itakayompata mwanamke huyo.

Hapana shaka kila dini ina haki ya kulinda mafundisho yake. Lakini fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Kwa karne nzima sheria ilitungwa juu ya mume, na adhabu ikamwangukia mke.

Sisi wa visiwani tusijione tumesalimika. Uislamu umeruhusu wake hadi wanne kwa sharti la uadilifu, na sote tunawajua waume walioihifadhi ruhusa wakalisahau sharti. Mwanamke aliyetelekezwa kwa jina la toba na aliyetelekezwa kwa jina la ruhusa wanalala njaa moja.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa dini zote, masheha na maofisa wa serikali: kabla ya kuibariki hatua yoyote inayobadilisha nyumba ya mtu, mke aitwe na asikilizwe, makazi yake na matunzo ya watoto yaandikwe mbele ya mashahidi. Imani ya kweli haianzi kwa kumtoa mama na watoto wake nje.