Tupime Akili ya Mtoto kwa Lugha Yake

Katika kliniki za watoto za Handeni na Korogwe kila mzazi anaujua mzani. Uzito hupimwa, alama huwekwa kwenye kadi, na mstari ukishuka muuguzi huuliza sababu. Makuzi ya akili hayana mzani wa namna hiyo, ndiyo maana mtoto anayechelewa kusema huitwa mvivu au zezeta kabla hajachunguzwa.

Malaria ni mwenyeji wa siku nyingi katika wilaya hizi za Tanga. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoifanyia majaribio makubwa chanjo ya RTS,S. Tumejitahidi kuokoa maisha, lakini madhara ya malaria ya ubongo hayaishi homa inaposhuka. Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa takribani mtoto 1 kati ya 4 waliougua ugonjwa huo alikuwa na upungufu wa kiakili miaka 2 baadaye. Homa ya uti wa mgongo na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huleta madhara kama hayo.

Kipimo nacho kina kasoro zake. Vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani. Mtoto anayezungumza Kizigua nyumbani, akioneshwa picha ya kitu asichopata kukiona na kuulizwa kwa Kiswahili cha vitabuni, huenda akanyamaza. Hapo tumepima ugeni wake, si akili yake. Njia bora ipo: watafiti wa Kilifi, Kenya, walitengeneza kipimo cha makuzi kinachotumia vifaa na mazingira ambayo watoto wa huko wanayafahamu.

Kwa maoni yangu, kila mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria aruhusiwe kutoka wodini akiwa na tarehe ya kurudi kuchunguzwa makuzi, kama apewavyo tarehe ya chanjo. Kabla ya kupima akili, tupime masikio na macho, kwani asiyesikia vizuri hawezi kujibu vizuri. Kisha tumuulize mama: akitumwa dukani, hukumbuka alichotumwa? Huwafuata wenzake mchezoni? Mama anayesema, "Mwanangu amebadilika tangu augue," ametupa taarifa ya kitabibu. Iandikwe kwenye faili.

Nawe mzazi, usimfiche mtoto huyo ndani. Kadiri anavyochunguzwa mapema, ndivyo mwalimu na mhudumu wa afya wanavyopata muda wa kumsaidia.