Umeme si Dawa ya Sumu ya Nyoka

Msimu wa mpunga unapofika, wakulima wengi wa Mofu na vijiji vingine vya bonde la Kilombero huhamia mashambani, wakalala katika vibanda na madungu ili kulinda mazao yao. Panya huifuata nafaka, na nyoka huwafuata panya. Mtu akiumwa usiku wa masika, njia ya kwenda hospitali ya Ifakara ni tope na maji. Katika shida ya namna hiyo mtu hushika chochote kilicho karibu, na siku hizi kilicho karibu ni pikipiki. Hapo ndipo lilipo hatarini kuaminiwa wazo lililozunguka dunia kwa miaka mingi: kwamba mshtuko wa umeme, utokao katika plagi ya injini au katika bunduki ya umeme itumiwayo na askari wa nchi kadhaa, huiua sumu ya nyoka. Wazo hilo ni potofu, na yafaa lipingwe darasani kabla halijafika shambani.

Wazo lenyewe halikuzuliwa na waganga wa kienyeji. Mwaka 1986 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha barua ya Ronald Guderian na wenzake waliofanya kazi Ecuador. Walieleza kwamba wagonjwa 34 walioumwa na nyoka walipona baada ya kupewa mishtuko ya volti nyingi. Lakini hapakuwa na kundi la wagonjwa wasiopewa umeme ili matokeo yalinganishwe. Upungufu huo ndio kiini cha kosa. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Kwa hiyo wagonjwa wengi wangepona hata kama wangepakwa majivu, na sifa zingeyaendea majivu. Mwaka 1987 wachunguzi wa Marekani waliwajaribu panya waliotiwa sumu ya nyoka, umeme haukuwaokoa.

Fizikia nayo inatoa jibu hilo hilo. Bunduki ya umeme hutangazwa kwa volti 50,000, na tarakimu hiyo hutisha. Hata hivyo, volti ni msukumo tu. Kinachoudhuru mwili ni mkondo unaopita, muda wake na njia yake. Bunduki hiyo hutoa mapigo mafupi mno, yenye mkondo wa wastani wa miliampea chache. Mapigo hayo yanatosha kuamsha neva na kuikaza misuli kwa maumivu makali hata mtu akaanguka. Hayatoshi kuvunja protini za sumu zilizokwisha kuenea katika nyama. Umeme wa kuziharibu protini hizo ungelazimika kwanza kuipika nyama yenyewe.

Wala isidhaniwe kwamba mshtuko huo ni salama. Huunguza ngozi, na aangukaye huweza kuumia kichwa. Mwaka 2012 jarida Circulation lilichapisha taarifa ya watu 8 waliopoteza fahamu mara baada ya kupigwa kifuani kwa bunduki ya umeme, mapigo ya moyo yakiwa yamevurugika. 7 kati yao walikufa. Ikiwa chombo kilichopimwa kiwandani kina hatari hiyo, plagi ya pikipiki isiyo na kipimo chochote haiwezi kuaminiwa.

Lakini hasara kubwa kuliko zote ni muda. Sumu ya koboko hupooza misuli ya kupumulia. Sumu ya kifutu huozesha nyama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Dawa iliyothibitishwa ni antivenomu, inayotengenezwa aghalabu kutokana na damu ya farasi waliozoezwa sumu kidogo kidogo. Kila dakika inayotumika kufungua plagi ni dakika iliyoibwa katika safari ya kuifikia dawa hiyo.

Yuko atakayeuliza: asiye na dawa karibu afanye nini? Swali hilo ni la haki, kwani antivenomu ni ghali na haipatikani kila mahali. Jibu lake si umeme. Mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana. Kisha apakiwe pikipiki hiyo hiyo, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia, apelekwe hospitali. Wenye dhamana ya afya nao hawana budi kuhakikisha kwamba dawa inakuwapo karibu na mashamba kabla ya msimu, kwa maana mkulima hawezi kulaumiwa kwa kushika uongo pale ambapo ukweli haujamfikia.

Walimu wa sayansi waufanye mfano huu kuwa somo. Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza, "Wasiopewa umeme walikuwaje?" ataweza kumwokoa mzazi wake siku moja.