Kutoka mtaa wa Kane na Beckham: Madiwani waliozomewa wakashinda mechi

HARRY Kane na David Beckham ni watu wawili tofauti uwanjani. Mmoja aliishi kwa krosi na faulo za kuchonga, mwingine anaishi ndani ya boksi. Beckham alitambia Manchester United, Kane aliondoka Tottenham akiwa mfungaji wao bora wa muda wote kwa mabao 280.

Lakini wote wametoka kona moja ya London. Beckham alizaliwa Leytonstone mwaka 1975. Kane akazaliwa Walthamstow mwaka 1993. Wote walisoma sekondari moja pale Chingford na wote walipita timu moja ya watoto, Ridgeway Rovers.

Leytonstone, Walthamstow na Chingford ziko chini ya halmashauri moja, Waltham Forest, kaskazini mashariki mwa jiji. Klabu ya nyumbani ni Leyton Orient, ambako Kane alipelekwa kwa mkopo Januari 2011 akiwa dogo wa miaka 17. Hakusahau. Mwaka 2020, corona ilipoziacha klabu ndogo hoi kifedha, Kane alilipia udhamini wa jezi za Orient na nafasi ya tangazo akawapa wahudumu wa afya na taasisi za hisani.

Sasa halmashauri hiyohiyo inatajwa sana kwa jambo lingine ambalo halina mfungaji wala kombe. Madiwani wake waliamua kuyatoa magari kwenye mitaa ya ndani, wakaweka njia za baiskeli, miti na sehemu za kukaa. Walizomewa kuliko kocha aliyefungwa mechi tano mfululizo. Hawakujiuzulu, hawakubadili mfumo, na leo kuna namba za kuwapima.

Kwa shabiki wa soka hili si jambo la pembeni. Swali lake ni la kwanza kabisa kwenye mchezo huu: mtoto atapiga mpira wapi kabla hajafika akademi?

PAUNI 27 MILIONI

Mwaka 2014, Meya wa London wa wakati huo, Boris Johnson, alitangaza halmashauri tatu zilizoshinda fedha za mpango ulioitwa Mini-Holland, yaani Uholanzi ndogo. Zilikuwa Enfield, Kingston na Waltham Forest. Waltham Forest ilipata Pauni 27 milioni.

Aliyeubeba mpango huo ni diwani Clyde Loakes, aliyekuwa naibu kiongozi wa halmashauri hiyo kupitia chama cha Labour. Johnson alikuwa Conservative. Kwa lugha ya mashabiki, ni kama Simba na Yanga kuchangia basi moja kwenda mechi ya ugenini. Lakini fedha zilitoka na kazi ikaanza.

Mbinu yenyewe haikuwa ngumu. Walthamstow ilikuwa na tatizo ambalo kila mkazi wa jiji kubwa analijua. Barabara kubwa ikijaa foleni, madereva wanakata kona na kupita mitaani kutafuta njia ya mkato. Mtaa wa nyumba za watu unageuka barabara kuu isiyo rasmi. Mtoto haruhusiwi kutoka nje, na mama anayekwenda dukani anavuka kwa kukimbia.

Madiwani waliweka nguzo fupi na maboksi makubwa ya maua katikati ya baadhi ya mitaa. Gari linaweza kufika kwenye nyumba yoyote, lakini haliwezi kukatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baiskeli inapita na mtembea kwa miguu anapita. Kwenye barabara kubwa kama Lea Bridge, baiskeli zikapewa njia yake iliyotengwa kwa kingo, siyo mstari wa rangi tu ambao bodaboda angeukanyaga bila hata kuuona.

Pale mtaa mdogo unapokutana na barabara kubwa, njia ya waenda kwa miguu ikaendelezwa moja kwa moja bila kukatika. Mtu hashuki tena barabarani. Gari ndilo linapanda na kupunguza mwendo. Ni kitu kidogo, lakini kinabadilisha nani anayemsubiri nani.

JENEZA LIKABEBWA MTAANI

Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka 2014 eneo la Walthamstow Village. Mwaka uliofuata likawa la kudumu, na Orford Road, mtaa wa maduka na migahawa, ukafungwa kwa magari kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku. Basi la abiria liliruhusiwa kupita.

Hapo ndipo ngoma ikawa nzito. Siku ya uzinduzi, Septemba 2015, waandamanaji walibeba jeneza kuashiria kwamba kijiji chao kimeuawa. Wenye maduka walisema wateja watakimbia. Madereva walisema wamefungiwa kwao. Wengine waliuliza gari la wagonjwa au la zimamoto litapitaje. Kuna wakazi waliokwenda hadi mahakamani, wakashindwa.

Hoja zile hazikuwa za kupuuza. Muuza duka anayeona mtaa wake umefungwa ana haki ya kuogopa. Mlemavu anayetegemea gari ana haki ya kuuliza safari yake itaongezeka dakika ngapi. Tofauti ya Waltham Forest na kwingine ni kwamba madiwani walijaribu kwanza, wakaita wakazi, wakarekebisha baadhi ya mambo, halafu wakabaki kwenye mpango wakisubiri matokeo.

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini ng'ombe mwenye akili huangalia kwanza kama maji ni salama.

NAMBA ZINASEMAJE

Hesabu za halmashauri zilionyesha kwamba kwenye barabara 12 za ndani ya Walthamstow Village, magari yalipungua kwa wastani wa asilimia 44. Hiyo ni karibu nusu.

Watafiti wakiongozwa na Rachel Aldred wa Chuo Kikuu cha Westminster waliwafuatilia wakazi wa maeneo yaliyoguswa zaidi na mipango hii ya Mini-Holland. Baada ya mwaka mmoja, walikuwa wanatembea na kuendesha baiskeli dakika 41 zaidi kwa wiki ukilinganisha na watu wa maeneo ambayo hayakuguswa. Dakika 41 ni kipindi cha kwanza karibu chote. Sehemu kubwa ya dakika hizo ilikuwa ni kutembea, siyo baiskeli. Mpango uliopigiwa kelele kwamba ni wa kikundi cha wapenda baiskeli uliwanufaisha zaidi watu wa miguu.

Mwaka 2018, King's College London walitoa utafiti kuhusu hewa ya eneo hilo. Walikadiria kwamba mtoto wa Waltham Forest anaweza kuongezewa takriban wiki sita za maisha kutokana na hewa kuwa safi zaidi. Sifa hizo si za maboksi ya maua peke yake, maana magari yenyewe yanatoa moshi mdogo kuliko zamani. Ila mpango wa madiwani ulikuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Na zimamoto je? Utafiti mwingine uliangalia muda ambao magari ya zimamoto yanatumia kufika kwenye matukio ndani ya Waltham Forest. Haukukuta ushahidi kwamba yalichelewa baada ya mitaa kufungwa.

Wapo walioumia pia. Baadhi ya barabara za pembezoni ziliongezewa magari, na wanaoishi kwenye barabara hizo kubwa mara nyingi si wenye nyumba za gharama. Kwao, mtaa wa jirani ulipata maua, wao wakapata foleni. Hili ndilo bao ambalo madiwani walifungwa, na hadi leo wapinzani wa mipango hii wanalirudia kila mara. Wana haki ya kulirudia.

SANDUKU LA KURA

Kocha anapimwa kwa msimamo wa ligi. Diwani anapimwa kwa kura, na London madiwani huchaguliwa kila baada ya miaka minne. Waliobeba jeneza walisema tutaonana kwenye uchaguzi.

Halmashauri ina viti 60. Mei 2014, kabla nguzo ya kwanza haijawekwa, Labour ilipata viti 44. Mwaka 2018, baada ya vurugu zote, ikapata 46. Mwaka 2022 ikapata 47.

Kura hupigwa kwa sababu nyingi, na London ni jiji ambalo Labour ina mtaji mkubwa. Hakuna anayeweza kusema baiskeli ndizo zilizoleta viti hivyo. Lakini kinachoweza kusemwa ni hiki: hofu kwamba diwani akigusa magari anakwenda na maji, hapa haikutimia.

Kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 2020, wakati wa corona, halmashauri nyingi za London ziliiga mbinu hii kwa haraka. Ealing, magharibi mwa jiji, ilifunga mitaa kadhaa kwa majaribio bila kuwaandaa watu vizuri. Hasira ikawa kubwa na mwaka 2021 nyingi ya nguzo zikang'olewa. Nguzo zilikuwa zilezile. Ealing iliingia uwanjani bila maandalizi ya msimu.

CRUYFF ALITOKEA MTAANI

Jina la Mini-Holland lina historia ambayo mashabiki wanapaswa kuijua. Uholanzi haikuzaliwa na baiskeli barabarani. Baada ya vita ya pili ya dunia ilijenga barabara za magari kama wengine. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani na kampeni ya kutaka mauaji ya watoto yakome. Serikali na miji ikaanza kubadilika, na njia za baiskeli zikafuata.

Ni Uholanzi hiyohiyo, miaka hiyohiyo, iliyoipa dunia soka la Johan Cruyff. Cruyff alikulia Betondorp, mtaa wa Amsterdam uliokuwa jirani na uwanja wa Ajax, na ufundi wake aliuanza kwenye sakafu ngumu ya mtaa, akikwepa kingo na kuanguka kwa maumivu. Mtaa uliojaa magari hauwezi kumtoa Cruyff mwingine. Wazazi wa Uholanzi walikuwa wanapigania uhai wa watoto, lakini ndani ya vita ile waliokoa pia sehemu ya kuchezea.

NA HUKU BONGO?

Mbwana Samatta aliyefunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi akiwa na Aston Villa, Machi 2020, ni mtoto wa Mbagala. Soka la Dar es Salaam bado linategemea mtaa na kiwanja cha vumbi. Na kila mwenye macho anaona kiwanja cha wazi kinavyoliwa: leo gereji, kesho fremu za maduka, keshokutwa ukumbi.

Baiskeli nazo zina hadithi yake. Mradi wa mwendokasi awamu ya kwanza, ulioanza kubeba abiria Mei 2016, ulijengwa pamoja na njia za baiskeli kando ya barabara ya Morogoro. Anayepita leo atakuta bodaboda, meza za wauzaji na magari yaliyoegeshwa. Njia ipo, refa hayupo.

Diwani wa Dar hana mkono mrefu kama Loakes. Waltham Forest inamiliki mitaa yake na ilipewa fedha na meya. Hapa, tangu mwaka 2017, barabara za mitaa ziko chini ya Tarura na zile kubwa ziko chini ya Tanroads. Diwani hawezi kuamka asubuhi na kuweka nguzo katikati ya mtaa.

Lakini ana kiti kwenye baraza. Kiwanja cha kata kinapotaka kubadilishwa matumizi, yeye ndiye anayetakiwa kupiga kelele. Gari la mchanga linapogeuza mtaa wa shule ya msingi kuwa njia ya mkato, yeye ndiye mtu wa kwanza kuulizwa. Matuta, alama za shule, miti kwenye kingo za uwanja, kuwaondoa wanaoegesha kwenye njia ya baiskeli, hayo hayahitaji Pauni 27 milioni.

Shabiki wa Bongo anamjua kocha wake, msaidizi wake, daktari wa timu na hata dereva wa basi. Jina la diwani wa kata yake wengi hawalijui mpaka kampeni zifike. Kule Walthamstow walimjua Loakes hadi wakambebea jeneza, na kwa sababu walimjua, alilazimika kutoka hadharani na namba mkononi. Madiwani wa Dar huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Kiwanja kikishapigwa fremu, miaka mitano ni mingi mno kusubiri.