Bunyakiri: Turbo bila kipimo, hasara ni ya abiria

TAHARIRI – Ukitoka Bukavu, barabara ya kitaifa nambari 3 (RN3) huachana na ile ya Goma pale Miti. Hupanda ndani ya msitu wa Mbuga ya Kahuzi-Biega, ikapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kwenda Bunyakiri, Hombo na Walikale. Kwa wakaaji wa Bunyakiri, wilayani Kalehe, njia hiyo ndiyo mlango wa nyumba. Mawese, ndizi na muhogo hutokea hapo. Chumvi, sabuni na dawa huingilia hapo. Mgonjwa ambaye hospitali ya Bunyakiri imeona lazima apelekwe Bukavu, naye hupita hapo hapo.

Gari likizimika katikati ya msitu, hasara si ya mwenye gari peke yake. Mama mchuuzi hulala na ndizi zinazoiva mgongoni mwa gari. Mgonjwa husubiri. Na katika eneo ambalo limeona miaka mingi ya vita na watu wenye silaha, hakuna abiria anayetaka kukutwa na giza mahali hapo.

Kwa hiyo habari ya kuongeza nguvu ya injini kwa turbo, ambayo wengi huiona kama mchezo wa vijana wanaopenda mbio, inawahusu watu wote wa barabara hii. Kila siku kuna mwenye gari anayeingia garaji na ombi moja: « Papa fundi, gari yangu inachoka kwenye mlima, niongezee nguvu. » Ombi ni la haki. Ubaya uko katika jinsi linavyojibiwa.

Kwanza ukweli usemwe: milimani kwetu turbo si anasa. Injini huishi kwa hewa, na hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Bukavu iko karibu mita 1,500, na hapo tayari presha ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Mbugani hupungua tena, hadi kama moja ya tano. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho, na hali imebeba mzigo ule ule.

Jambo hili lilijulikana zamani. Turbo ilibuniwa na injinia wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyeiandikisha mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300. Injini hiyo ilikuwa na nguvu farasi 350 bondeni. Kule juu ilibaki na 230. Alipoifungia turbo, ilifika 356. Kwa maneno mengine, turbo ilithibitisha faida yake kwenye mlima, na mtu wa Kivu asione haya kuitaka.

Lakini turbo haitengenezi nguvu kutoka mahali pasipokuwa na kitu. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limefungwa kwenye chuma kimoja na gurudumu la pili linalosukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, mazuti nayo inaweza kuongezwa, na nguvu hupanda. Pamoja nayo hupanda joto na presha. Chuma hicho huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachokizuia kusagika ni utando mwembamba wa mafuta ya injini. Mafuta yakichafuka, yakipungua au yakichelewa kufika, turbo hufa kwa muda mfupi.

Mfano ulio wazi ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, gari ambalo wakaaji wa Kivu wanalijua kutokana na mashirika, hospitali na misheni. Injini hiyo ya lita 4.2 ilitoka kiwandani bila turbo, na nguvu farasi karibu 130. Imepata sifa ya kutokufa. Kwa sifa hiyo, watu huamini kwamba inaweza kubeba chochote, na huifungia turbo ya okazioni iliyotolewa kwenye gari lingine.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. 1HZ hubana hewa zaidi ya mara 22 kabla ya mazuti kuwaka. Ndugu yake 1HD-T, ambayo Toyota yenyewe iliiundia turbo, hubana mara 18.6 tu. Tofauti hiyo haikuwekwa kwa bahati: mtengenezaji alijua kwamba hewa itakayoingia kwa nguvu itaongeza presha, akaacha nafasi. Anayefunga turbo kwenye 1HZ hana nafasi hiyo. Inawezekana, na wako waliofanya vizuri duniani kote, lakini kwa presha ndogo, nusu bari au zaidi kidogo, na kwa kupima joto la moshi kila wakati. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Moshi wa injini iliyozidishiwa mazuti kwenye mlima mrefu unaweza kupita hapo. Kulasi hupasuka, pistoni hutoboka, na mwenye gari husema amerogwa.

Kosa la kwanza katika garaji nyingi, basi, ni kuongeza mazuti kwenye pompa bila kujua hewa imeongezeka kiasi gani. Gari hutoa moshi mweusi, dereva husikia nguvu, na wote hufurahi. Moshi mweusi ni mazuti ambayo haikupata hewa ya kutosha. Ni pesa inayotoka kwenye egzosi, na ni joto linalobaki ndani.

Kosa la pili ni kutafuta ugonjwa kwa kubadilisha pyesi. Gari likipoteza nguvu, neno la kwanza ni: « Turbo imekufa. » Mwenye gari hutafuta dola, hununua turbo nyingine, hufungiwa, na baada ya juma moja nayo hufa. Mara nyingi ya kwanza haikuwa na kosa. Mpira wa hewa ulikuwa umepasuka, au kifungio kimelegea, au filtri ya hewa imejaa vumbi. Au tiyo inayorudisha mafuta kutoka kwenye turbo ilikuwa imeziba, na uchafu ule ule ukaua turbo ya pili.

Fundi aliyefundishwa huanza na vitu vya bei ndogo. Hutazama filtri. Hupapasa mipira yote kutoka turbo hadi injini, akitafuta alama ya mafuta mahali hewa inapotoroka. Husikiliza: mluzi uliozidi kuliko kawaida humwambia kuna tundu. Huangalia rangi ya moshi: mweusi ni hewa haba au mazuti nyingi, wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua, mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji au mazuti isiyowaka. Hutikisa chuma cha turbo kwa vidole kuona kama kimelegea. Hufunga kipimo cha presha na kumwomba dereva apande mlima. Baada ya hayo yote ndipo hutamka kwamba turbo imekufa, na kabla ya kufunga mpya hutafuta kilichoua ya zamani. Akiifunga, humimina mafuta ndani yake na kuzungusha injini bila kuiwasha, ili chuma kisianze kuzunguka kikiwa kikavu.

Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji mashine ya Ulaya. Kipimo cha presha na kipimo cha joto la moshi vina bei ndogo kuliko turbo moja ya okazioni. Kwa hiyo garaji inayoongeza nguvu ya magari bila vipimo hivyo viwili haina udhuru. Ni sawa na muuguzi anayetoa sindano ya malaria bila kupima damu.

Mafundi wana jibu lao, na lisikilizwe. Wanasema mteja hataki kulipa kazi ya kutafuta ugonjwa. Hulipa pyesi tu, kwa sababu pyesi anaiona kwa macho. Wanasema mwenye gari huleta mafuta ya bei ya chini yaliyotiwa kwenye bidoni isiyo na jina, kisha humlaumu fundi turbo ikiungua. Wanasema walijifunza kazi kwa kushikilia taa nyuma ya fundi mkubwa, na hakuna aliyewafungulia kitabu. Yote hayo ni kweli. Mwenye gari anayekataa kulipa saa mbili za uchunguzi, kisha akalipa turbo mbili, amejiibia mwenyewe. Na dereva anayefika kileleni na kuzima injini hapo hapo, bila kuiacha ipoe kwa dakika mbili, huunguza mafuta ndani ya turbo kwa mkono wake.

Kuna pia jambo ambalo halisemwi sana: breki. Nguvu iliyoongezwa kwa ajili ya kupanda hugeuka kuwa mwendo na mzigo wakati wa kuteremka. Gari lililotoka kiwandani kwa nguvu farasi 130 lilipewa breki za nguvu hizo. Likipandishwa hadi 180, na kwa sababu hiyo likapakiwa magunia zaidi na watu juu ya magunia, breki zimebaki zile zile. Mteremko wa kutoka msituni kwenda Bunyakiri hausamehe. Anayelipia turbo bila kukagua breki, matairi na rejeta hajajenga gari lenye nguvu. Amejenga hatari yenye mwendo.

Somo hili Afrika Mashariki inalo tayari. Katika mashindano ya Safari Rally ya Kenya, Toyota Celica yenye turbo ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, mbele ya magari ya Ulaya yaliyokuwa na nguvu zaidi na yanayovuta kwa magurudumu manne. Celica hiyo ilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Ilishinda kwa sababu iliandaliwa kuvumilia vumbi, mawe na joto kwa maelfu ya kilomita, na kufika. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda akiwa na Celica ya turbo vilevile. Leo vijana wa Nairobi na Kampala hupenda Subaru zenye turbo na sauti kubwa, na wako wanaotamani hayo huku kwetu. Wapende, lakini wakumbuke kwamba hata katika mashindano, gari lisilofika halihesabiwi.

Nini kifanyike? Mambo matatu yako ndani ya uwezo.

La kwanza ni la mafunzo. Taasisi ya kitaifa ya mafunzo ya kazi, INPP, ipo tangu 1964, na kazi yake ni hii hasa. Mafundi wa Bunyakiri, Kalehe na Kavumu hawawezi wote kufunga garaji ili wakae darasani Bukavu kwa miezi. Mafunzo mafupi ya siku chache, yanayowafuata walipo, kuhusu turbo, pompa na vipimo, yangeokoa injini nyingi kuliko semina kumi za hotelini.

La pili ni la wenye magari na mashirika ya usafiri. Wadai karatasi. Fundi aandike presha aliyoweka, joto alilopima na siku ya kubadilisha mafuta, na mwenye gari aweke sahihi. Karatasi hiyo itamlinda fundi siku ya lawama, na itamlinda mteja siku ya udanganyifu.

La tatu ni la serikali. Ukaguzi wa magari usiwe risiti inayonunuliwa. Gari linalobeba abiria lipimwe breki kabla ya kuulizwa vignette. Na barabara yenyewe itengenezwe. Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008, na pesa zake hutoka kwa watu wanaonunua mafuta na kulipa kwenye vizuizi vya peaji. Dereva anayepasua injini kwenye tope alikwisha kulipia barabara isiyo na tope. Sehemu kubwa ya nguvu inayotafutwa garajini ni nguvu ya kupigana na mashimo. Barabara nzuri ingekuwa turbo ya kila mtu, hata ya mwenye gari kuukuu.

Lakini kungoja barabara si ruhusa ya kufanya kazi kwa kubahatisha. Mgonjwa anayetoka Bunyakiri usiku hataki kujua gari lina nguvu farasi ngapi. Anataka lifike Bukavu. Fundi ambaye hawezi kusema kwa namba kwamba litafika, aache kwanza kuongeza mazuti.